Bima ya Safari Si Bima ya Masomo

Juzi, barazani Mkomani hapa Lamu, mpwa wangu alinikunjulia karatasi ya bima aliyoinunua kwa bei nafuu aende nayo kusoma Ujerumani. “Mjomba, mradi imeandikwa euro 30,000, yatosha.” Wengi huamini hivyo, na ndipo pesa za wazazi zinapopotea.

Kiwango hicho cha gharama ambazo bima italipa ni cha viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ujerumani ikiwamo) ya muda mfupi, isiyozidi siku 90. Mwanafunzi wa shahada ana kanuni zake. Ujerumani, chuo hakimsajili bila uthibitisho wa bima ya afya inayokubalika huko. Aliye chini ya miaka 30 kwa kawaida huingia bima ya umma kwa ada ya wanafunzi. Bima ya safari humfaa siku za mwanzo tu. Na mtego ni huu: ukiomba kuachiliwa bima ya umma ili uchukue ya binafsi kwa urahisi wake, huwezi kuirudia tena mpaka umalize masomo. Uingereza ni kwingine kabisa: kwa masomo ya zaidi ya miezi 6, walipa ada ya afya pamoja na ombi la viza, pauni 776 kwa mwaka.

Karatasi ile tuliigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo: siku 60. Masomo yake ni miaka 3.