Tsavo kwa miguu: mambo ya kujua kabla ya kufunga begi

Mvua ikinyesha Ngong na Kikuyu, maji yake hayaishii kwenye mitaro ya Nairobi. Yanaingia Mto Nairobi na vijito vingine, yanafika Athi, Athi unakata Ukambani kuelekea kusini-mashariki, na ndani ya Tsavo Mashariki unakutana na Mto Tsavo. Kuanzia hapo mto unaitwa Galana, na ukikaribia bahari, kaskazini mwa Malindi, unaitwa Sabaki. Safari nyingi za miguu huko Tsavo hufuata kingo za mito hii. Ndiyo maana mtu aliyelala kwenye hema chini ya mikoma, mbingu ikiwa safi bila wingu, anaweza kuamshwa na maji ya mvua iliyonyesha huku kwetu.

Vikundi vinavyotujia kuomba ushauri, viwe vya chama, vya kanisa au marafiki wa kazini, huanza na swali lilelile: na simba je? Nalielewa. Tsavo ndiko simba wawili walikowashambulia na kuwala wajenzi wa reli mwaka 1898 daraja likijengwa, na hadithi hiyo bado inasimuliwa hata kwa wanaopita hapo na treni ya SGR. Lakini simba anayesikia watu wanane wakija kwa miguu mchana kweupe kwa kawaida huondoka kabla hawajamwona. Wanaotupa sisi kazi ni nyati dume mzee, ndovu mwenye ndama, kiboko aliyechelewa kurudi majini, na jua. Ukinibana nitaje moja tu, nitasema jua.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Ndani ya mbuga za taifa huruhusiwi kushuka garini popote utakapo. Unashuka sehemu zilizotengwa tu, au unatembea ukiwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mbuga chache kama Hell's Gate zimeruhusu wageni kutembea na kuendesha baiskeli, na wengi huanzia huko kwa sababu ni karibu na Nairobi. Tsavo ni habari nyingine. Tsavo Mashariki peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na humo huendi bila mtu mwenye bunduki na mwenye kujua njia. Kampuni inayokupeleka iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Muulize kiongozi wake ana cheti gani: chama cha waongoza watalii nchini hutahini wanachama wake kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Na anayekuahidi kwamba mtamkaribia simba hadi mpige naye picha, huyo mwache na pesa zako zibaki mfukoni. Kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Sasa tuje porini. Kundi hutembea kwa mstari mmoja, kiongozi mbele, na mara nyingi mwenzake nyuma. Mkononi mwa kiongozi utaona kitu ambacho wengi hawakitarajii, kijifuko cha kitambaa kilichojaa majivu. Kila baada ya hatua kadhaa anakitikisa, vumbi jepesi linatoka, naye analitazama linavyoelekea. Ndovu na nyati hawaoni mbali sana lakini pua zao hazikosei. Upepo ukitoka kwao kuja kwenu, mnaweza kumtazama ndovu akinywa maji mkiwa mbali na yeye asijue mpo. Upepo ukigeuka, sabuni uliyooga asubuhi imeshafika kabla yako. Na upepo wa Tsavo hugeuka kweli, hasa kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi ardhi inapopata moto. Hapo kiongozi huanza kuwazungusha. Watu huchoka, huanza kunung'unika kwamba tulipotoka palikuwa njia nyoofu. Hajapotea. Amesoma majivu.

Kwa hiyo acha marashi nyumbani, na simu izimwe mlio. Hili la simu nalisema kwa mkazo kwa sababu mtu wa Nairobi huona kama ameombwa avue nguo.

Kando ya Galana kuna vichaka vizito vya mswaki, mti uleule ambao vijiti vyake vinauzwa Eastleigh na Mombasa kwa kusafishia meno. Matawi yake hushuka hadi chini, ndani yake ni kivuli na ubaridi, na nyati dume wazee waliojitenga na kundi hupenda kulala humo wakati wa jua kali. Nyati wa namna hiyo haonekani mpaka uko karibu mno, naye huwa hana subira. Kiongozi mzuri hupita mbali na mswaki hata kama njia inakuwa ndefu, na masikio yake yanamtafuta shashi, ndege mdogo anayekaa migongoni mwa wanyama akila kupe. Shashi wakiruka ghafla kutoka kichakani wakipiga kelele, pana mnyama chini yao na ameshtuka. Kundi husimama palepale. Hakuna kuuliza.

Ndovu yeye huzungumza, ukijua kumsikiliza. Akikunjua masikio, akatikisa kichwa, akapiga vumbi kwa mguu na kutoa mlio, mara nyingi anakutaka uondoke, nawe uondoke taratibu ukiwa nyuma ya kiongozi. Akibana masikio kichwani, akakunja mkonga ndani na kuja kimya, hapo amekusudia. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo ukidondoka kwenye miguu ya nyuma, yuko katika kipindi cha kutafuta majike. Huyo hakaribiwi kabisa, hata na gari. Katika hali zote hizi amri ni ya kiongozi, iwe ni kusimama, kurudi nyuma au kujificha nyuma ya mti. Kosa linaloumiza watu ni mmoja kutoka mbio peke yake. Bunduki ipo, lakini ikilia, maana yake mambo mengine yote yameshindikana, na huenda mnyama akafa kwa sababu ya matembezi yenu.

Turudi kwenye jua. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mabonde ya Tsavo yako chini ya mita 500, na mchana joto huvuka nyuzi 30 kwa urahisi. Mtu aliyefanya mazoezi Karura na Ngong Hills atakuwa na mapafu mazuri, jambo jema, ila mwili wake haujazoea kutoa jasho kwa kiasi hicho. Ndiyo maana matembezi huanza saa kumi na mbili asubuhi, yanakatika saa nne au nne na nusu, na kuendelea tena saa kumi jioni. Katikati unalala kivulini, na usione aibu. Panga kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, kwa mafunda ya mara kwa mara, maana kiu huja kwa kuchelewa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umeshachelewa. Beba pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, zile za kuchanganya ambazo duka lolote la dawa linazo. Maji matupu mengi bila chumvi yoyote nayo huleta kizunguzungu.

Viatu viwe vile ulivyovivaa wiki kadhaa. Raba mpya za kununuliwa Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi ndizo zinazowarudisha watu kwenye gari siku ya pili, visigino vikiwa vimetoka malengelenge. Nguo ziwe za kaki, kijivu au kijani cha majani makavu. Jinzi ya buluu iache. Mbali na kuwa nzito na kuchelewa kukauka, buluu na nyeusi ndizo rangi zinazomvuta mbung'o. Ukipita barabara za mbugani utaona vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti. Hiyo ni mitego yake. Kuhusu malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeyatokomeza kama tatizo la afya ya umma. Habari njema, lakini mbung'o bado anauma kama sindano, tena juu ya shati.

Kambi ndiyo nusu ya safari, na kwa maoni yangu ndiyo nusu inayopuuzwa zaidi. Kuna kambi za umma ambamo mnachangia eneo na wengine, kama Ndololo karibu na Voi, na kuna kambi maalum ambazo kundi moja hulipia na kukaa peke yake, mara nyingi bila huduma yoyote. Ukifika, kabla ya kushusha hema, tembea na kiongozi ukingoni mwa mto. Tafuta njia ya kiboko. Ni rahisi kuitambua: kwa kuwa kiboko ni mnene na miguu yake ya kulia na kushoto iko mbalimbali, njia yake ina mifereji miwili sambamba, na katikati hubaki tuta dogo lenye nyasi. Huipita kila usiku kwenda malishoni, hurudi alfajiri, na habadilishi njia kwa sababu ya hema lako. Halafu inua macho uangalie matawi ya miti iliyo karibu na maji. Ukiona nyasi kavu na vijiti vimenasa juu ya kichwa chako, huko ndiko maji yalikofika mara ya mwisho mto ulipofurika. Piga hema kwenye ardhi iliyo juu kuliko alama hiyo. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla katika korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate, yaliua watu saba, na korongo au ukingo wa mto hautoi onyo jingine zaidi ya lile la mvua kunyesha upande wa juu. Miezi ya Machi hadi Mei, na Novemba hadi Desemba, uliza hali ya mvua ya Nairobi na Machakos kama unavyouliza ya Voi.

Maji ya kuoga yachotwe na mtu mmoja akiwa na mlinzi, na yasichotwe mahali palepale kwa saa ileile kila siku. Mamba hukariri ratiba.

Usiku chakula chote kiko ndani ya gari, hata ile biskuti ya mtoto. Hema lifungwe zipu hadi chini. Viatu viingie ndani, maana fisi hutafuna ngozi na nge hulala kwenye raba. Haja ndogo ya saa nane usiku ndiyo inayowasumbua wengi: mulika kwanza pande zote ukiwa bado mlangoni, na macho yakikuangaza, rudi ndani. Ndoo yenye kifuniko ndani ya hema haina aibu yoyote, hata wakubwa wa mbuga wanayo. Mchana choo ni shimo la kina cha jembe moja, mbali na mto, na karatasi zinachomwa au zinarudi nawe. Plastiki za kutumika mara moja, yaani chupa za maji, vikombe, sahani na vijiko, zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu yote ya Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017. Askari hukagua langoni, nami nimeona familia ikimimina katoni nzima ya maji kwenye mitungi huku foleni ikipiga honi nyuma yao.

Nyoka niwaseme kidogo. Bafe hakimbii mtu anapokuja, hutegemea rangi yake na kutulia, ndiyo maana hukanyagwa. Tazama unapoweka mguu, na usiku usitembee bila tochi. Aliyeumwa alazwe, kiungo kifungwe banzi kisitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla uvimbe haujapanda, na apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka linalosifiwa vijijini haliondoi sumu mwilini. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, usisugue. Kwa kuwa hospitali iko mbali, bima ya kubebwa kwa ndege hadi Nairobi ni fedha ndogo ukilinganisha na kukodi ndege ukiwa kitandani.

Mwisho ni malaria. Waliokulia Nairobi wengi hawana kinga ya mwili dhidi yake, na Tsavo mbu wapo. Muone daktari mapema kabla ya safari akupe dawa za kuzuia, uzimeze hadi mwisho hata baada ya kurudi, na ulale kwenye hema lenye neti nzima. Vimelea huweza kukaa mwilini wiki mbili au zaidi kabla ya homa kuanza, wakati ambapo mtu amesharudi ofisini na anadhani amepata mafua ya baridi ya Julai. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari isitulizwe kwa dawa za maumivu. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba ulilala Tsavo.