Nguo ya Idi inaanzia Shaabani, siyo kumi la mwisho

Kila mwaka lazima nimpate mmoja. Anakuja mwezi 25 Ramadhani, jua kali, mfuko wa kitambaa begani, anauweka mezani anasema "fundi wangu, hiki kidogo tu." Hicho kidogo tu ni gauni la mama, magauni mawili ya mabinti, kanzu ya baba na kishati cha mtoto wa miaka miwili, wote rolo moja. Na mimi kwa ujinga wangu najibu, sawa, njoo mwezi 28.

Mafundi cherehani tunasemwa waongo, na kweli tunadanganya, sibishi. Ila leo nataka mjue uongo wenyewe unatokea wapi, manake mkishajua hamtakuja kulia kwenye kibaraza changu usiku wa mkesha.

Gauni la mtoto la kawaida, halina bitana wala mbwembwe, kwangu ni saa mbili umeme ukiwepo. Gauni la lesi la mtu mzima lenye bitana, zipu ya kuficha na mikono ya kengele hilo ni siku nzima, kwa sababu unakata mara mbili, lesi na bitana, unavilaza pamoja unashikiza kwa mkono kwanza ndo uingize kwenye cherehani, na mkasi ukiteleza kwenye lesi basi imeisha hiyo, hairudi. Sasa weka saumu juu yake. Saa kumi jioni naacha kushona naingia jikoni kwenye futari, narudi kwenye cherehani baada ya tarawehe nikiwa nasinzia. Siku ikinikalia vizuri natoa nguo nne, tano za watoto. Halafu kumi la mwisho naletewa oda sitini. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna mwezi. Ramadhani ni siku 29 au 30, na hakuna anayejua mpaka uandame. Fundi siku zote anapanga kwa 30 kwa sababu anaitaka ile siku moja ya ziada. Kuna mwaka nilikuwa na nguo kumi na moja nimezipangia siku ya 30, tumekaa na redio, saa tatu usiku ikatangazwa mwezi umeonekana, kesho Idi. Hata dakika kumi hazikupita akina mama wakaanza kugonga, wengine na kanga tu begani. Gauni moja lilitoka kwangu halina upindo, nimeukunja nikaupachika na pini sita, mtoto kaenda kusali Idi na pini zake. Mama yake mpaka leo akinipita sokoni anaangalia pembeni, na hajakosea, kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo hesabu iende kinyumenyume. Usihesabie Idi, hesabia mwezi 20 Ramadhani, hiyo ndo iwe siku yako ya kuchukua nguo. Ikichelewa siku tatu bado unapumua, ikikubana kwapani kuna muda wa kuirudisha. Ili itoke mwezi 20 kitambaa kinifikie wiki ya kwanza ya mfungo, na ili kinifikie wiki ya kwanza kinunuliwe Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani. Shaabani hiyo hiyo ukienda Kariakoo, mtaa wa Uhuru, muuzaji ana muda na wewe, anakushushia rolo tatu unashika unanusa unaulizia bei mpaka unaridhika. Nenda kumi la mwisho uone, unanunua kwa kusukumwa mgongoni.

Kununua mapema kuna faida nyingine ambayo watu hawaijui, kuloweka. Poplini na kitenge cha pamba vinarudi vikiguswa na maji. Nikikushonea haraka haraka kitambaa kikavu cha dukani, Idi utapendeza, ukifua mara ya kwanza gauni linapanda juu ya vifundo na mimi ndo natukanwa. Loweka usiku mmoja, anika kivulini, piga pasi, ndo uniletee. Lesi na satini hizo achana nazo, usiloweke.

Watoto sasa, maana Idi ni yao, sisi wengine tunasindikiza tu. Mambo mawili. La kwanza mfuko. Nashangaa mama analeta dizaini ya kwenye simu, gauni la malaika, halina mfuko hata mmoja, na mtoto siku hiyo anazunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, hela ataweka wapi? Atakupa wewe ushike, na wote tunajua ikishashikwa na mama haionekani tena. Mimi naweka mfuko hata kama hujaniambia. La pili upindo. Toka Idi ndogo mpaka Idi ya kuchinja ni kama siku 70, hakuna haja ya gauni jipya kabisa, niachie inchi tatu chini, Idi ya pili nashusha, nabadilisha mkanda, naongeza kola ya rangi nyingine, na majirani hawatajua.

Familia nzima kitambaa kimoja siipendi, nisemeje. Inapendeza kwenye picha, sawa, lakini rolo ikiisha kabla ya shati la baba ni ugomvi wa nyumba, na mmoja akichelewa kupimwa wote wanasubiri. Chagueni rangi, kila mtu atafute kitambaa chake.

Na nyie wa Krismasi msicheke, zamu inakuja. Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2000 nilikuwa najifunza kazi kwa shangazi, kazi yangu vifungo na kupiga pasi ya mkaa, mwaka ule Idi ndogo ilikuja mara mbili, Januari na Desemba, na ile ya Desemba ikaangukia siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Wateja wa pande zote mbili mlango mmoja, shangazi alilala chini ya meza ya kukatia wiki nzima. Kwa kalenda 2033 itakuwa hivyo hivyo, Idi kabla kidogo ya Krismasi. Mimi nitakuwa nimesafiri, nawaambia mapema.

Mwaka jana nilijikaza, daftari la oda nikalifunga mwezi 15. Yule wa mwezi 25 alikuja kama kawaida na mfuko wake. Nikamwambia kitambaa rudi nacho, nenda kanunue gauni la dukani lililokuzidi kidogo, niletee. Akanuna, akaenda, akarudi nalo jioni, nikambana kiuno nikakata urefu, nusu saa kwisha, nikamtoza hela ya soda. Sikukuu yenyewe akanitumia picha amekaa na wanawe, sinia la pilau mbele, na meseji chini: fundi, kitambaa cha Idi ya kuchinja nilete lini?

Nikamjibu, Mfungo Pili mwanzoni, ule mwezi wa pili baada ya Ramadhani, na kiwe kimelowekwa.