"Bosi hayupo": tunavyokosea kuhusu huduma kwa wateja

Wenye maduka wengi ninaozungumza nao wanaamini kuwa huduma nzuri ni tabasamu. Wanaajiri kijana mchangamfu, wanamvalisha fulana yenye nembo, wanamfundisha kusema "karibu sana", basi wanaona kazi imekwisha.

Mwaka juzi nilinunua feni Kariakoo. Nilipewa kiti na maji ya baridi. Usiku ule ule feni ikanguruma, ikazima. Asubuhi nikairudisha na risiti yangu. Kijana alikuwa yule yule na upole wake ule ule, ila jibu lilikuwa moja: "Samahani mama, bosi hayupo." Kesho yake nikarudi, bosi hayupo. Chini ya risiti imeandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Sikumchukia yule kijana. Alikuwa anaona aibu kweli, macho yako sakafuni, maana hakupewa chochote cha kunisaidia nacho zaidi ya maneno matamu.

Ukweli ni kwamba huduma inaanzia kwenye ruhusa. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi yeyote, hata anayetandika vitanda, kutumia hadi dola 2,000 za Marekani kumaliza shida ya mgeni bila kuomba kibali kwa mkubwa wake. Duka la feni halihitaji dola 2,000. Linahitaji mwenye mali amwambie kijana wake: feni ikirudi ndani ya siku 7 na risiti ipo, ichomeke mbele ya mteja, ikigoma, mpe nyingine, usinipigie simu. Utapoteza feni chache kwa mwaka, tena hizo unaweza kudaiana na aliyekuuzia kwa jumla. Mimi nilipotea moja kwa moja, pamoja na shemeji zangu wawili waliokuwa wanafungua saluni.

Hapo ndipo inapoingia dhana nyingine, hatari kuliko ile ya kwanza: asiyelalamika ameridhika. Jamani, sisi tunaona haya kumsema mtu usoni. Tunasema "haya, asante", tunatoka, habari inaishia kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Sanduku la maoni likikaa tupu mwaka mzima, halijathibitisha kitu.

Anayetaka kumjua mteja atazame anachofanya. Kabla M-Pesa haijazinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia 2005 kama njia ya wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Wale wakopaji wakaitumia wanavyotaka wao: wakawa wanatumiana pesa. Safaricom wangeweza kuwaambia kuwa wanaitumia vibaya. Badala yake waliiweka kando habari ya marejesho, wakaipeleka sokoni kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kila ninapoona mtu akimtumia mama yake kijijini hela ya mbolea, nakumbuka kuwa kazi hiyo waliigundua wateja wenyewe.

Wengine watasema haya ni mambo ya makampuni yenye kitengo cha huduma kwa wateja. Mangi, mwenye kiduka cha mtaani kwetu, hana kitengo. Anajua nani anapokea mshahara tarehe ngapi, nani ana mtoto mchanga, na mafuta ya kula anayapima kwa kipimo kidogo kwa sababu ameona mifuko yetu ilivyo. Na Wiki ya Huduma kwa Wateja inayokuja kila Oktoba na maputo yake, mimi ningependa keki iliwe haraka, kisha mkurugenzi akae kaunta mpaka jioni.

"Mteja ni mfalme" nayo ina mpaka. Mteja anayemtukana mhudumu atolewe nje, na mhudumu aone bosi wake akimtetea. Asiyeheshimiwa na mwajiri wake atampa nani heshima?

Feni nilinunua nyingine, mtaa wa pili. Kabla sijatoa hela nilimuuliza binti aliyekuwa kaunta: ikiharibika, nani anaamua? Akajigusa kifuani, akasema, "Mimi hapa, mama."