Mfupa wa tundu la jicho: "mbona anaona" si jawabu

Huvunjikaje?
Tundu la jicho lina ukingo mgumu, lakini sakafu yake na ukuta wa upande wa pua ni nyembamba kama ganda la yai. Ngumi, kiwiko cha mpirani, kuanguka na Vespa au kutoka juu ya mkarafuu vyatosha kuipasua.

Mbona anaona vizuri? Si tungoje uvimbe ushuke?
Hapana, msingoje. Mfupa huvunjika na mtu akasoma msahafu bila taabu. Tizameni mengine: anaona viwiliviwili, jicho haliinuki, limezama ndani, au shavu na mdomo wa juu vimekufa ganzi. Moja tu likiwepo, hospitali siku hiyohiyo.

Na mtoto ambaye hata hakuvimba?
Huyo ndiye wa kukimbizwa. Mfupa wake laini hufunguka ukajifunga tena, ukabana msuli wa jicho. Jicho ni jeupe, halikuwiva, lakini akitazama juu linauma au linagoma, na anatapika. Watu humpa dawa ya malaria wakamlaza. Msimlaze! Msuli uliobanwa hukosa damu. Upasuaji hutakiwa ndani ya saa 24 hadi 48. Akiletwa siku ya tano, msuli umeshaanza kufanya kovu, na kuona viwili huenda kukabaki.

Tumkande kwa maji moto?
Acheni kabisa, yanazidisha uvimbe. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15, bila kugandamiza. Na asipenge kamasi: hewa ya puani hupenya kwenye ufa, jicho likafura ghafla. Chafya aipige mdomo wazi. Jicho lenyewe likiwa limepasuka, msitie dawa wala maziwa ya mama. Lifunikeni kwa kikombe safi kisichogusa jicho.

Hospitali watafanya nini?
Watapima nuru na mwendo wa jicho, kisha siti skani (picha ya CT), maana eksirei ya kawaida mara nyingi huukosa ufa. Watu wazima wengi hawapasuliwi. Kuona viwili kukiendelea au jicho likizama, hupasuliwa kwa kawaida ndani ya wiki 2.

Tuko Pemba, tungoje boti ya asubuhi?
Jicho likitokeza, likawa gumu kama jiwe na nuru inafifia, damu imejaa nyuma yake na inabana mshipa wa kuona. Muda wa kuiokoa nuru ni kama saa moja na nusu. Nendeni hospitali iliyo karibu sasa hivi, usiku huohuo; mkato mdogo wa daktari pembeni mwa kope hupunguza shinikizo, na safari ya Unguja itafuata baadaye.