Nebula Haitaki Kukuzwa

Swali limerudi tena, na mara hii nalijibu kwa urefu ili nipate pa kuwaelekeza watu: "Mkuu, hiyo darubini inakuza mara ngapi?" Muulizaji ameona picha ya nebula ya Carina (nebula ni wingu la gesi na vumbi huko kwenye nyota) iliyopigwa Mikindani, na anataka namba. Ukimwambia imepigwa kwa lenzi ya kamera ya mm 200, ya mtumba, anakuona unamficha siri. Kwake yeye nebula ni kitu kidogo kilicho mbali sana, kwa hiyo dawa ni kukuza. Mbali, ndiyo. Kidogo, hapana.

Tupime. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii angani. Nebula ya Orion, ukihesabu na mabawa yake hafifu, ni digrii moja na ushei: miezi miwili bega kwa bega. Carina ni kama digrii mbili, miezi minne. Hata Kilimia, kile ambacho wazee wa pwani walikitumia kuhesabia mvua na jua, kinakula karibu digrii mbili, na vumbi lake la buluu likiwemo. Vitu hivi vingekuwa na mwangaza wa Mwezi, kila mtoto wa Mtwara angevichora mchangani.

Sasa chukua upana wa sensa yako (kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) kwa milimita, zidisha kwa 57.3, gawanya kwa urefu wa fokasi, yaani zile mm za lenzi. Jibu ni digrii za anga zinazoingia kwenye fremu. Kamera ya APS-C (jina la saizi ya sensa) yenye upana wa mm 22.3 inakupa digrii 6.4 kwa lenzi ya mm 200, digrii 3.2 kwa mm 400, digrii 1 na kidogo kwa mm 1,200. Kwa mm 2,000 unabaki na 0.64. Mwenye ile ya mm 2,000 anayetutambia anapoelekeza kwa Carina, ni kama aliyeitwa kumpiga picha bibi harusi akarudi na picha ya hereni.

Linaloniudhi zaidi ni hili lifuatalo, kwa sababu hata watu waliokwisha kununua vifaa vizuri hawalikubali. Hakuna darubini, hata yenye kioo cha mita 8, inayoweza kuufanya uso wa nebula ung'ae machoni pako kuliko unavyong'aa kwa jicho tupu. Hakuna. Nyota ni nukta, hivyo kipenyo kikubwa kinakusanya mwanga mwingi na kuurundika pale pale kwenye nukta, nayo inang'aa zaidi. Nebula ina eneo. Ukiikuza mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na mwanga ule ule unatandazwa juu ya eneo hilo. Kijiko kimoja cha samli kinatosha chapati moja. Kipake kwenye nne uone. Kipenyo kikubwa kinakununulia ruhusa ya kuikuza nebula bila kuififisha kupita kiasi, basi. Ndiyo sababu mtu anayechungulia kwenye lenzi ya jicho kwa mara ya kwanza huona ukungu wa kijivu, anaongeza ukuzaji ili "aione vizuri", na ukungu wenyewe unapotea. Isitoshe, seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazioni wekundu wa hidrojeni, ule wa nanomita 656.3, ambao ndio umejaa kwenye nebula hizi.

Kamera inashinda jicho kwa sababu moja: inaweka akiba. Henry Draper alipopiga picha ya kwanza ya nebula ya Orion kule New York mwaka 1880, aliacha mwanga uingie kwa dakika 51. Namba ya kuuliza ilikuwa hiyo 51.

Kwa kamera, kinachoamua mwanga unaofika kwenye kila pikseli ni namba ya f, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo. Saa moja kwa f/4 ni saa nne kwa f/8. Hapa lazima nikiri kwamba jambo lenyewe si safi kama vitabu vinavyoliandika. Darubini ya f/8 yenye kipenyo kikubwa, ukiipunguza picha yake hadi ilingane na ile ya f/4 iliyo ndogo, sehemu kubwa ya pengo huyeyuka, maana mkusanyaji wa mwanga ni kipenyo, na ukubwa wa pikseli nao una neno lake. Wanaobishana juu ya hili wana hoja pande zote mbili, na mimi mwenyewe huyumba. Ila kwa mtu mwenye kamera moja na usiku mmoja usio na mawingu, nashikilia f ndogo na lenzi fupi.

Kiasi cha kuanzia: mm 135 hadi 200, f/4, ISO 800 au 1600, faili ghafi za RAW, sekunde 60 kwa kila picha, picha 120. Hizo ni saa mbili. Ukitaka chenga (zile nukta za ovyo kwenye picha) zipungue hadi nusu ya zilizobaki, saa nne hazitoshi. Zinahitajika nane, kwa sababu chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Programu za Siril na DeepSkyStacker zinapandanisha picha bure. Fokasi ifanye kwa nyota kali kama Alpha Centauri, skrini ikiwa imekuzwa mara 10 (ukuzaji pekee wenye faida usiku huo), kisha ubandike tepu kwenye pete ya fokasi isisogee.

Sekunde 60 maana yake maunti, kitako chenye mota, inayofuata anga. Anga linakwenda sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa (digrii moja ina dakika 60 za pembe, na dakika moja sekunde 60). Kwa mm 200 na pikseli za mikroni 4.3, nyota ya karibu na ikweta ya anga inavuka pikseli nzima kwa theluthi ya sekunde. Carina iko digrii 60 kusini ya ikweta hiyo, mwendo wake ni nusu, kwa hiyo inakusamehe mara mbili kuliko Orion. Nenda mm 2,000 na theluthi ile inakuwa sehemu ya thelathini. Unapokuza mara kumi, umekuza na makosa ya maunti mara kumi, na upepo mara kumi.

Na maunti zenyewe hazikutengenezwa zikitufikiria. Mtwara iko latitudo ya digrii 10 kusini, Lindi vilevile kasoro kidogo. Ncha ya kusini ya anga, nukta ambayo nyota huizunguka na ambayo mhimili wa maunti lazima uielekee, iko digrii 10 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na moshi, na nyota yake, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwa waliobahatika. Usipoteze usiku kuitafuta. Dira ya simu inakosea kwa digrii kadhaa. Ukiwa na laptopu, programu ya NINA ina njia ya nukta tatu inayopima ncha kwa kupiga picha sehemu yoyote ya anga. Huna, basi fuata njia ya kuangalia nyota inavyoteleza. Inachosha, inafanya kazi.

Kabla ya hapo kuna chuma. Maunti nyingi za ikweta, yaani hizi za kuelekezwa kwenye ncha, hugoma kushuka chini ya digrii 15, na zikishuka, uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi. Kitabu cha maelekezo kinasema mguu mmoja uelekee kwenye ncha. Hapa kwetu fanya kinyume: uwazi kati ya miguu miwili uelekee kusini, mguu mmoja ubaki kaskazini. Kama bado unapungukiwa digrii 5, inua huo wa kaskazini. Ikiwa kutoka mguu huo hadi mstari wa miguu ile miwili ni sentimita 80, kipande cha mbao cha sentimita 7 kinatosha. Tripodi itainama, na kipima usawa chako kitalalamika. Kiache kilalamike, maunti ikishaelekea kwenye ncha usawa hauna kazi. Kilicho na kazi ni uzito: mzigo sasa unaning'inia upande wa kusini usio na mguu, kwa hiyo funga mfuko wa mchanga kwenye mguu wa kaskazini, la sivyo upepo ukivuma kamera itabusu ardhi.

Kuhusu msimu, kwa haraka. Katikati ya Mei, mvua zikiisha, Carina iko digrii 40 juu ya upeo wa kusini saa mbili usiku. Julai, ile ya Lagoon inapita digrii 76 karibu saa tano usiku. Orion inapita karibu na utosi kabisa, lakini Desemba na Januari, ndani ya mawingu ya mvua; amka saa tisa usiku mwanzoni mwa Oktoba, utaipata kabla ya alfajiri, moshi wa mashamba ukikuruhusu. Chagua kati ya tarehe 24 za mwezi mwandamo na tarehe 4. Giza hilo hilo ndilo la wavuvi wa dagaa, na taa zao zinapausha anga la upande wa bahari, hivyo elekeza kusini au utosini.

Umande utakuja. Mkanda wa joto wa volti 12 kwenye lenzi uwashe tangu mwanzo. Ukisubiri lenzi ilowe umechelewa. Betri ya pikipiki ya Ah 7 usiinyonye zaidi ya nusu: maunti na mkanda vikila ampea moja, una saa tatu na nusu.

Joto letu nalo linaongeza chenga, maana umeme wa giza, ule unaojitokeza kwenye sensa hata bila mwanga, huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6. Daki 20, yaani picha za giza tupu za kuondolea chenga hizo, zipigwe pale pale, usiku ule ule, kifuniko kikiwa juu ya lenzi, siyo asubuhi na siyo kwa kuweka kamera kwenye friji. Wapo wanaosema kusogeza fremu kidogo kila baada ya picha chache kunatosha bila daki. Kwenye baridi yao huenda. Hapa nafanya yote mawili, na sina uhakika kila mara ni lipi limesaidia.

Rangi je, imepakwa? Imevutwa, siyo kupakwa. Kamera isiyofanyiwa marekebisho hupitisha robo tu, au pungufu, ya ule wekundu, unauinua. Kiasi gani kinakubalika ni suala la aibu ya mtu.

Kukuza kuna mahali pake. Zohali, Mshtarii, mashimo ya Mwezi, na nebula chache ndogo kweli kama ile ya Pete, ambayo upana wake haufiki dakika 2 za pembe. Hizo zipe mm 1,200 na zaidi, na kamera ya kuongozea, ile ya pili inayosahihisha mwendo wa maunti. Ila zile darubini za mm 70 zenye maandishi "525x" kwenye boksi hazifiki huko: mwisho wake wa maana ni kama mara 140, mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kama umeshainunua, itazame Mwezi, na kile kipande cha Barlow cha 3x, cha kuzidisha ukuzaji mara tatu, kiache humo humo ndani ya boksi.