Gari kuukuu la kijeshi: kulirejesha hadi siku ipi?

Gereji zetu zina kitenzi kimoja kinachobeba kila kitu: kutengeneza. Gari limekata breki, linatengenezwa. Limebonyea bodi, linatengenezwa. Injini imekufa, inatafutwa ya gari jingine, inafungwa, na mwenye mali anaondoka akipiga honi. Hakuna anayeuliza kama injini ile ni ya mwaka uleule, na kwa nini aulize? Gari ni la kubeba abiria na viazi.

Kurejesha ni kazi nyingine kabisa. Ni kulirudisha gari katika hali liliyokuwa nayo siku fulani ya maisha yake. Wanaofanya hivyo kwa mapenzi tu, hasa Ulaya na Marekani, wengi ni wastaafu na mafundi wa Jumamosi wenye banda nyuma ya nyumba. Katika magari ya kijeshi hubishana sana, na ukiwasikiliza vizuri utaona ubishi wenyewe hauhusu chuma. Unahusu hiyo siku.

Tuchukue Jeep ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni ndogo, inaingia bandani, na injini yake anaiweza mtu yeyote aliyewahi kufungua kabureta. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari jepesi la kuvuta kwa magurudumu yote manne, likatoa siku 49 tu za kuunda la mfano. Kampuni ndogo ya American Bantam ilifikisha lake kambi ya Holabird, Maryland, tarehe 23 Septemba 1940. Bantam waliwahi, lakini oda kubwa walipewa Willys na Ford, waliokuwa na viwanda vya kutosha. Hadi vita vinaisha mwaka 1945, zaidi ya Jeep 600,000 zilikuwa zimetoka. Ya Willys inaitwa MB, ya Ford inaitwa GPW. Zote zina injini ya silinda nne, lita 2.2, nguvu za farasi 60.

Kwa mtu wa kawaida ni mapacha. Mrejeshaji huinama mbele, achungulie chini ya rejeta: kiungo cha kwanza cha chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kikiwa bomba la mviringo, hiyo ni ya Willys, kikiwa bati nene lililokunjwa, ni ya Ford. Halafu anaanza kusaka herufi F. Ford walikuwa wakiigonga kwenye vipuri vyao, hata kwenye vichwa vya bolti, ili vijulikane ni vyao. Leo kuna mtu mzima mwenye wajukuu anayeweza kukosa usingizi kwa sababu bolti tatu za bampa lake hazina F.

Unaweza kucheka, lakini tatizo lake ni la kweli, kwa sababu jeshi lenyewe halikujali F wala W. Lilitaka kipuri cha hii kiingie kwenye ile, basi. Gari likivunjika difu, inachukuliwa ya lililolipuliwa jana. Baada ya vita mchanganyiko ukazidi. Karakana ya jeshi la Ufaransa ya La Maltournée, karibu na Paris, ilivunjavunja Jeep kwa maelfu na kuziunga upya kutoka kwenye marundo: chesi ya Willys, bodi ya Ford, injini iliyotoka pengine. Juu ya hayo, kiwanda cha Hotchkiss, hukohuko Ufaransa, kikaunda Jeep mpya kwa leseni kuanzia miaka ya 1950, zikiitwa M201, na nyingi sasa zimepakwa nyota nyeupe ya jeshi la Marekani na kuitwa za mwaka 1944. Hicho ni kilemba cha ukoka.

Sasa fikiria umenunua moja ya zile za La Maltournée. Je, ni feki? Hapana. Ni Jeep halali ya jeshi la Ufaransa. Ukitaka kuirudisha siku ilipotoka kiwandani Marekani, itakubidi uitupe bodi ambayo imekaa juu ya chesi hiyo kwa miaka mingi kuliko ile ya kwanza ilivyokaa. Ukitaka kuirudisha siku ya kutumwa vitani, itakuwa na mikwaruzo na dumu la mafuta ya ziada nyuma, na rangi iliyopakwa kwa haraka. Na wapo wasiotaka kurudisha chochote: wanasimamisha kutu, wanatengeneza breki, wanaiacha na sura iliyokutwa nayo. Hao wa mwisho kwa kweli hawarejeshi, wanahifadhi, na mimi moyo wangu uko kwao. Jeep inayong'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani hainiambii kitu. Rangi yenyewe ya jeshi, kijani cha zeituni, ilitengenezwa isimeremete ili rubani wa adui asiione, halafu mtu anaipiga polishi!

Kazi ya mikono, siku yoyote uliyochagua, huanza na kutu. Chini ya sakafu ya bodi ya Jeep kuna mihimili ya bati iliyojazwa vipande vya mbao. Mbao hunywa maji, bati huoza kuanzia ndani, na nje huoni kitu mpaka bisibisi ipenye. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva, ndani ya beseni la bati. Kitundu cha kutolea maji kikiziba kwa tope, beseni linaoza nalo. Walioshindwa na uchomeleaji huagiza bodi mpya kutoka Ufilipino, nchi ambayo ilizirithi Jeep za Wamarekani baada ya vita na haijaacha kuziunda. Bodi hizo ni nzuri. Lakini ukishaweka bodi ya jana juu ya chesi ya 1943, rudi kwenye swali letu.

Umeme ni wa volti 6, kwa hiyo waya nyembamba za gari la kisasa hazifai. Mkondo ni mkubwa, na stata, mota ya kuwashia injini, itazunguka kwa uvivu ukilaumu betri bure. Gea ya kwanza haina sinkronaizi, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gea kabla hazijashikana, kwa hiyo usiitafute gari likiwa linatembea kama hujui kukanyaga klachi mara mbili. Petroli si shida: injini iliundwa kwa mafuta hafifu, ila petroli ya leo yenye ethanoli hula mipira ya zamani ya pampu na kabureta.

Kutunza ndiko kunakowashinda wengi, maana hakuna picha ya kujivunia. Ni grisi kwenye chuchu zote za chesi, vile vitundu vya kupigia grisi, kubadilisha oili, na kuliendesha. Gari likisimama miezi, mafuta ya breki hunyonya unyevu, pistoni za magurudumu hushika, na siku ya maonyesho linavutwa kwa kamba.

Makumbusho nayo yana mtihani uleule, mkubwa zaidi. Kule kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, kuna kifaru cha Wajerumani, Tiger 131, kilichotekwa Tunisia Aprili 1943. Kimerejeshwa hadi kinatembea chenyewe, na watu husafiri mbali kukisikia. Hukitembeza siku chache tu kwa mwaka, kwa kuwa kila mzunguko wa minyororo unakwangua chuma ambacho hakina mbadala.

Kwetu uraibu huu ni mgeni kidogo, na sababu mojawapo iko wazi: Tanzania, raia kukutwa na vazi linalofanana na la jeshi ni kesi, sembuse kupaka gari nyota na namba. Lakini damu ya Jeep tunaijua. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na moja iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake Anglesey, Wales. Akawaza gari la kuirithi, na mwaka 1948 Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa Amsterdam. Waliofika kwenye tamasha la Land Rover Arusha Oktoba 2024 waliwaona watu wanaopenda chuma kizee bila haya.

Ukiuliza wazoefu waanzie wapi na gari jipya mikononi, wengi hawatataja spana. Watataja msasa laini, maji na uvumilivu. Unasugua ubavu wa boneti polepole: inatoka rangi nyekundu ya mkulima fulani, chini yake kijivu, chini yake kijani. Namba za jeshi la Marekani za mwanzoni zilipakwa kwa buluu iliyofifia, na za Jeep zilianza na 20. Ukizidisha nguvu kidogo tu umezifuta. Mara inajitokeza 2, halafu sifuri, halafu nusu ya 3. Hapo weka msasa chini, upige picha, uamue.