Vepu si mvuke wa kujifukiza

Ukimuuliza mwanafunzi vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ina nini ndani, jibu huwa jepesi: "Ni mvuke tu." Jibu hilo limetoka nyumbani. Alipokuwa na mafua alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, akajifukiza, pua zikazibuka. Mvuke kwake ni dawa. Mwalimu anayeanza somo kwa vitisho vya saratani hajaigusa imani hiyo.

Sisi tunaotoa elimu ya afya shuleni huanzia kwenye sufuria hiyo. Mle yalichemka maji. Kwenye vepu, betri hupasha moto waya, nao waya huchemsha vimiminika viwili, propilini glikoli na gliserini, vilivyotiwa ladha na, mara nyingi, nikotini. Kinachotoka ni ukungu wa matone madogo mno, yanayopenya hadi kina cha mapafu. Moto ukizidi hutokea pia fomaldehidi, ile ile ya kuhifadhia maiti. (Hapo darasa hunyamaza.)

Kisha mjanja mmoja huuliza: mbona ladha hizo zimo hata kwenye biskuti? Swali zuri. Tumbo lina namna yake ya kusaga, mapafu hayana. Mwaka 2000, huko Missouri, Marekani, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi waligundulika na ugonjwa mbaya wa mapafu. Chanzo kilikuja kuhusishwa na diasetili, kiungo chenye harufu ya siagi ambacho wengi wetu tumekula bila kudhurika. Si kila vepu ina diasetili, lakini "kinalika" hakumaanishi "kinavutika".

Nikotini ndiyo inayonisumbua zaidi. Sigara ya kawaida humkohoza anayeijaribu mara ya kwanza, na kikohozi kile kimewaokoa wengi. Vepu nyingi za sasa hutumia chumvi za nikotini, ambazo hazikwaruzi koo, hivyo mtoto huvuta nyingi bila kujua. Ubongo wake utaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na nikotini huuvurugia umakini na kumbukumbu.

Tukitaja vifo, tusikate habari katikati. Hadi Februari 2020, Marekani ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na vepu. Waliokufa ni 68. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi, na asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa humo, ikashukiwa zaidi. Ukimficha mwanafunzi kipande hicho, atakipata kwenye simu jioni, na kesho hatakusikiliza.

Mwalimu akikuta kwenye begi kitu kinachofanana na flashi au kalamu nene, asikivunje wala kukichoma, kwani betri ya lithiamu hulipuka. Amuulize mtoto, faraghani, huvuta saa ngapi kwa mara ya kwanza kila siku. Anayevuta kabla hata ya chai ya asubuhi ana dalili kubwa ya uraibu, na mshauri nasaha atamfaa kuliko barua ya kusimamishwa masomo.